Vidole vya Tumirah Juu ya Kioo

Wasito alikuwa ametaja maneno mengi, tena ya kutoka moyoni, lakini vidole vya dada yake havikugonga kioo cha simu hata mara kumi.

"Tayari," Tumirah akasema. "Imekwenda."

"Yote?"

"Yote, mdogo wangu. Kula, tempe inapoa."

Wasito akatia mdomoni kipande cha tempe, soya ile ya kukaanga, asisikie ladha yake. Alikuwa haoni tangu kuzaliwa, na kazi yake ilikuwa kukanda watu. Masikio na vidole ndivyo vilivyomlisha. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba hakusikia alichosikia. Alikuwa amemwambia mpenzi wake Winarsih kwamba amemkumbuka, kwamba mvua imeng'oa vigae vya chumba cha kukandia, kwamba mteja mmoja mnene alikoroma mpaka akajiamsha mwenyewe, na kwamba wakati wowote akisema ndiyo, posa itakwenda kwao Magelang. Habari zote hizo, halafu tap, tap, tap, basi? Nyingine zilikwenda wapi?

"Mbak," akasema, maana ndivyo wadogo wanavyowaita dada zao pale mjini Yogya, "ile ya mteja kukoroma umeiweka?"

"Nimeiweka."

"Na vigae?"

"Wasito. Nimeandika kila kitu. Unataka niapie nini?"

Hakutaka aapie kitu. Alitaka simu yake ya zamani.

Ile, jamani, ilikuwa simu. Ya vitufe, na kitufe cha tano kilikuwa na kinundu katikati. Ukikipata hicho umevipata vyote. Unagusa kwanza, unajua uko wapi, ndipo unabonyeza. Kuwat, rafiki yake tangu shule ya wasioona, alimwekea sauti ya kumsomea meseji kwenye kisikilizi cha sikioni. Kwa simu ile Wasito alimchumbia Winarsih zaidi ya mwaka bila mtu kujua: mkono wa kulia unakanda kigimbi cha mteja, wa kushoto uko chini ya taulo unaandika. Watu walikuja kukandwa kwa mikono miwili wakapata mmoja na robo, na hakuna aliyelalamika.

Winarsih naye hakuona, naye alikuwa mkandaji, huko Magelang, mwendo wa saa moja na ushei kwa basi. Walijuana kwenye mkutano wa chama chao. Nyumbani kwao kuta zilikuwa za mbao nyembamba, na baba yake hakutaka kusikia binti akiongea na mwanamume kwenye simu kabla ya posa. Kwa hiyo mapenzi yao yakawa ya kubonyeza, kimyakimya, neno moja moja, na yalinoga hivyohivyo.

Halafu simu ikadumbukia kwenye ndoo ya maji ya moto ya taulo. Ikafa papo hapo. Tumirah akaenda sokoni, akarudi na simu ya kupangusa, akamwekea laini yake ileile.

"Ina sauti hii?" Wasito aliuliza.

"Haina. Zenye sauti zilikuwa zile za zamani. Wewe niambie la kuandika nitaandika, ikija meseji nitakusomea. Mimi ni nani kwako?"

Kweli, alikuwa nani kwake. Mama yao alipokufa Tumirah ndiye aliyebaki, mjane, mkubwa wake kwa miaka mingi. Ndiye aliyepokea wateja, aliyefua taulo, aliyepika. Wasito akashukuru. Lakini alipopitisha vidole juu ya kile kioo alitamani kulia. Kilikuwa kitupu, kimelala tu, hakina mwanzo wala mwisho. Vidole vyake vilivyojua kila mshipa wa mgongo wa binadamu havikupata pa kushika. Tena kioo hakina subira: ukikigusa kutafuta njia, kimeshafanya jambo. Siku ya kwanza alimpigia muuza mchele bila kujua, na yule bwana akasikiliza maungo ya mteja yakilia kwa muda mrefu kabla ya kukata.

Basi Tumirah akawa vidole vyake na macho yake. Kila jioni, baada ya magharibi, kazi ikishaisha, waliketi mezani. Wasito anataja, Tumirah anaandika. Na jibu lilikuja, wakati mwingine kabla hata chai haijapoa.

"Anasema huko kwao kunanyesha," Tumirah alisoma. "Baba yake hajambo. Anasema usiwe na haraka, baba bado anahesabu siku."

Hilo la kuhesabu siku Wasito alilielewa. Nani asiyelielewa? Siku ya kuzaliwa mwanamume na ya mwanamke zinajumlishwa, na kama jumla ni mbaya mzee hatoi binti, hata mposaji awe mwana wa nani. Kuna wazee wanaohesabu kwa dakika, na wapo wanaohesabu kwa miezi, wanakwenda kwa huyu na yule mpaka wapate jumla wanayoitaka. Akangoja. Angekuwa mtu wa mahali pengine angeuliza maswali mapema, lakini yeye akaona ni kawaida kabisa.

Kilichomtia wasiwasi ni vile vidole.

Usiku wa kwanza wa shaka ulimpa wa pili. Akaamua kumjaribu dada yake, mchezo wa kitoto, lakini ukishaingiwa na mdudu huyu utafanya nini? Jioni moja akataja habari ndefu kama khutuba ya Ijumaa. Vidole vikagonga kidogo tu. Kesho yake akasema, "Leo mwandikie neno moja tu. Salama." Vidole vikagonga, vikagonga, vikasita, vikagonga tena.

"Mbona neno moja limekuwa refu hivyo?"

"Nilikosea nikafuta. Mikono ina sabuni." Tumirah akacheka kidogo. "Siku hizi unanihesabia vidole?"

"Nauliza tu."

"Uliza basi. Kuuliza si kosa."

Lakini sauti yake ilikuwa na ubaridi, na Wasito akaubeba ubaridi huo mpaka kitandani. Alikuwa anaandika nini yule? Maneno matamu anayameza, machungu anayapeleka? Labda anamwambia Winarsih kwamba mdogo wake hana haraka ya kuoa. Kwa nini? Sababu zilikuwepo, ukizitafuta utazipata. Kwa desturi bwana harusi angekaa kwanza kwa wakwe, Magelang, na Tumirah angebaki na chumba kitupu na rundo la taulo. Wasito aliwaza hivyo, kisha akajichukia kwa kuwaza hivyo, kisha akaendelea kuwaza.

Likaja la pili. Simu ile ilikuwa ikitetema meseji inapoingia. Meza nzima ilisikia. Wasito akaanza kuweka kiganja mezani wakati wa chai, ati anapumzika. Siku moja Tumirah akasema, "Haya, kajibu," akasoma, na meza haikuwa imetikisika hata chembe.

"Haikutetema, Mbak."

"Nimeizima. Wateja wanashtuka."

"Wateja wameshaondoka."

"Nimesahau kuiwasha, basi. Nimwambie nini?"

"Mpigie," Wasito akasema. "Nimsikie sauti, mara moja tu. Nitamwomba radhi baba yake."

Tumirah akapiga, akamwekea simu sikioni. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe.

"Baba yake atakuwa karibu," akasema Tumirah. "Usimtafutie binti wa watu matatizo."

Wasito hakulala usingizi wa maana. Asubuhi, Jumamosi, akachukua fimbo yake, akatia simu mfukoni, akamwambia dada yake anakwenda kumkanda Kuwat bega. Ulikuwa uongo, na aliona vizuri kidogo kwamba na yeye sasa ana wa kwake.

Kuwat alikuwa na chumba chake cha kukandia jirani na soko la ndege, na mdomo usiochoka. Alimsikiliza Wasito mpaka mwisho, habari ya vidole vichache na maneno mengi, kisha akacheka hadi akakohoa.

"We bwana, unataka kumfunga dada yako kwa sababu ya hilo? Kioo kina akili yake! Ukianza neno, chenyewe kinakuletea neno zima, unagusa mara moja limeingia. Ukimaliza hilo kinakubahatishia linalofuata. Mimi nikiandika 'bega', kinaniletea 'linauma' kabla sijafikiri. Wanaoona hata hawagongi wakati mwingine, wanaburuta kidole tu."

"Kwa hiyo neno refu linaweza kuwa na mguso mmoja?"

"Na fupi likawa na mingi, ukikosea ukafuta. Umemwonea Mbak Tumirah wa watu. Mpelekee kitu kitamu ukaombe msamaha."

Wasito akajisikia mdogo kuliko kisigino. Mwanamke aliyemlea, aliyemkatia kucha, na yeye Wasito akamhesabia vidole mezani kama polisi. Aibu ikamshika, lakini na furaha ikamjia: maneno yake yalifika, yote, na vigae, na yule mkoromaji. Akaanza kuwaza anunue kitu gani njiani.

"Ila jambo moja," akasema Kuwat. "Kwa nini bado unasomewa? Hujawasha sauti?"

"Hii haina sauti."

"Nani kasema?"

Wasito akaitoa simu mfukoni.

"Lete hapa." Kuwat akaichukua, akapapasa ubavuni, akashikilia vitufe viwili vya kuongezea na kupunguzia sauti, basi, hivyo tu. Simu ikasema kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka kwamba iko tayari. "Hii yangu ndugu yake kabisa. Nilidhani unayo sauti siku zote, ndiyo maana sijakuuliza. Mbak hakujua labda. Wengi hawajui."

"Labda," akasema Wasito.

Kuwat akamfundisha: kidole kimoja kiteleze juu ya kioo polepole, kioo kitataja kilicho chini yake, na ukifika unapopataka unagonga mara mbili. Kisha akamchomekea kisikilizi sikioni na, kwa mara ya kwanza tangu ajuane naye, akatafuta sababu ya kutoka. Alisema anakwenda kuchemsha maji ya tangawizi.

Wasito akateleza. Akapotea, akarudi, akafungua asichotaka, akatoka. Mwishowe akasikia jina: Winarsih.

Meseji ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe, ya jana. Maneno yalikuwa yaleyale aliyotaja, hakuna lililopunguzwa wala kuongezwa. Akapanda juu. Iliyotangulia ilikuwa yake pia. Neno kwa neno. Akapanda. Yake. Vigae, mkoromaji, nimekukumbuka, posa. Yake. Yake tena. Alitafuta lile jibu la mvua ya Magelang, akatafuta la baba anayehesabu siku, akapanda na kushuka akidhani kidole kinaruka mahali, maana hicho kioo alikuwa hakiamini hata kidogo. Hayakuwepo. Hakuna aliyekuwa amesema mvua inanyesha. Hakuna mzee aliyekuwa akihesabu chochote.

Ndipo, juu kabisa, karibu na siku zile simu ilipokuwa mpya, akaipata ya Winarsih.

"Mas," ilisoma ile sauti, maana ndivyo wanawake wa huko wanavyowaita wapenzi wao, "zamani uliniandikia mchana, nusu neno, herufi zimemezwa, nami nikajua una mguu wa mtu mkononi, nikacheka peke yangu. Sasa unaandika baada ya magharibi tu, maneno yamenyooka kama tangazo la ofisi ya mtaa. Kuna mtu anatuandikia, na kama anaandika basi anasoma. Siwezi kuposwa na watu wawili. Ukinitaka, niandikie kwa vidole vyako, hata ukikosea kila herufi. Mpaka hapo sitajibu."

Akaisikiliza tena. Kuwat alirudi na vikombe, akaviweka chini taratibu, hakuuliza kitu. Alikuwa na mdomo, lakini hakuwa mjinga.

Tumirah alikuwa anakunja taulo Wasito alipoingia. Alisikia fimbo ikigonga kizingiti kwa nguvu kuliko kawaida, akaacha.

"Kuwat hajambo?"

"Simu ina sauti, Mbak."

Taulo likaanguka, au likawekwa. Hakuweza kujua.

"Ulijua?"

"Nilijua," Tumirah akasema. "Muuzaji alinionyesha siku ya kwanza."

Wasito alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, kwa kukana, kwa kiapo, kwa machozi. Kwa jibu hilo hakujiandaa. Akatafuta kiti akaketi.

"Nilitaka unihitaji," Tumirah akasema. "Haya, nimesema. Mwaka mzima uko na kale kasimu kako chini ya taulo, unacheka peke yako, mimi najifanya sioni. Hukuniambia hata jina lake. Kalipokufa nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema sasa na mimi nitakuwemo. Nikaandika kila ulichosema, sikuiba neno. Halafu huyo mwanamke ananiambia kuna mtu wa tatu. Mimi! Niliyekubeba mgongoni kwenda shule! Nilikaa na ile meseji mpaka asubuhi, sikuweza kuisoma kwa mdomo wangu."

"Ukanisomea mvua."

"Nilidhani hasira zitamwisha. Nilidhani akiyaona maneno yako atalainika, ndiyo maana nilituma yote. Yalikuwa mazuri, Wasito. Mimi yalinilainisha."

"Alisema niandike mwenyewe. Basi. Hakutaka kitu kingine." Sauti ya Wasito ilianza kupanda. "Kwa hiyo kila jioni nilikuwa namthibitishia kwamba sijali. Na wewe ulikuwa unanipakulia tempe!"

Tumirah akasema jina lake, taratibu. Wasito akaikamata simu kwa nguvu. Alikuwa na hasira ya kuvunja kitu, na kilichokuwa mkononi kilikuwa kioo, na hicho ndicho pekee asichoweza kukivunja sasa.

"Kaa hapo," akamwambia. "Umezoea kuwa mtu wa tatu. Leo kaa usikie vizuri."

Akachomoa kisikilizi. Akaweka simu juu ya paja, akaanza.

Ilikuwa kazi ya mateso. Kidole kiliteleza, ile sauti ikataja kila herufi kwa nguvu chumba kizima: M. N. M. Akagonga mara mbili. I, O, I. Akakosea, akafuta, akafuta na lililokuwa sahihi. Kwa vitufe angekuwa ameshamaliza na kukanda mguu wa pili. Kioo kikawa kinamletea maneno yake, kikitaka kumsaidia, kikimnyooshea sentensi. Kila kilipoleta neno akalikataa, akarudi kwenye herufi zake. Jasho lilimtoka. Tumirah alikaa kwenye kiti chake akisikia kila herufi ya moyo wa mdogo wake ikisomwa na mashine, na hakuruhusiwa kugusa.

Alipomaliza akaiamuru isome. Herufi mbili zilikuwa zimepotea na neno moja lilikuwa halieleweki kabisa. Meseji ilisema, kwa ufupi: ni mimi, aliyekuwa akiandika ni dada, nimeisoma leo, sikujua, vidole ni vyangu, posa bado ipo. Akatuma hivyohivyo.

Wakangoja. Mteja akabisha hodi, Tumirah akamwambia leo hatukandi. Adhana ya alasiri ikapita. Wasito alikuwa ameshaanza kujiambia kwamba miezi ni mingi, kwamba mwanamke hangoji kimya, kwamba labda hata laini ile imeshabadilika mtu, simu ilipotetema kwenye paja lake mpaka akaruka.

Akagonga mara mbili.

"Mas," ilisema ile sauti isiyo na furaha wala huzuni, kwa nguvu, chumba kizima. "Nimecheka. Hilo neno la katikati sijalijua mpaka sasa. Kuna watu wa Temanggung wameleta posa wiki iliyopita, baba atawajibu Jumatatu. Ukinitaka njoo kesho useme naye. Lakini usije na dada yako. Mtu aliyenisoma na kukaa kimya sitamkaribisha kwetu."

Kila mtu pale anajua posa si jambo la mtu mmoja; mwanamume anakaa, ndugu zake ndio wanaosema. Mposaji asiye na mtu wake ni kama mtu aliyeokotwa njiani. Na Wasito, katika dunia nzima, hakuwa na ndugu mwingine.

Tumirah akasimama. Akasikika akifungua kabati.

"Shati la batiki limepigwa pasi," akasema. "Lile la kahawia. Mchukue Kuwat, anajua kusema mbele ya wazee, akinyamazishwa mapema. Mwambie ajifanye mjomba."

"Sawa."

"Keki za mchele za kupeleka nitazipika leo. Msiseme nimezipika mimi."

"Sawa, Mbak."

"Basi la kwanza la Magelang linatoka alfajiri sana." Akakohoa kidogo kuiweka sauti yake sawa. "Lala tu. Nitakuamsha."

Wasito aliinamisha kichwa juu ya simu. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuteleza kwenye kioo, na ile sauti ikawa inataja saa, moja baada ya nyingine.

"Asante," akasema. "Nitaweka kengele mwenyewe."